Tawi Lililoingia Bila Hodi

"Mmea ukiota kwenye mlima wetu sote, nani alimpa mmoja wetu maua yake yote?"

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuposana kama sisi, Pimbi aliuliza swali hilo barazani. Wazee wakakohoa. Mmoja akasema kahawa imepoa.

Mwasumini ulikuwa mmoja tu mlima mzima, nao ulikuwa uani kwa Mzee Kifaru. Mila ilitaka bibi harusi asitoke kwao bila koja la asumini. Kifaru naye akatunga sheria mbili. Anayetaka koja, mama yake amlimie shamba msimu mzima. Atakayekata tawi, ahame mlima yeye na ukoo wake.

Pimbi alikuwa ameposwa. Mama yake alikuwa na mgongo mbovu. Hata akidondosha kijiko, alikiacha hapo hapo mpaka apite mtu.

"Nitalima tu, mwanangu," mama alisema. "Wenzangu wote walilima."

"Hulimi, mama."

"Utatoka bila koja? Watu watasema nini!"

"Nitatoka nalo, na hulimi."

"Kwa uchawi gani?"

"Kwa jiwe na maji ya kuoshea mchele," akajibu Pimbi, akaenda zake uani.

Nyumba yao ilipakana na ya Kifaru. Tawi moja refu la mwasumini lilikuwa limepenya kwenye wigo, likaning'inia upande wao. Pimbi akalivuta taratibu mpaka likagusa ardhi. Akalikwaruza ganda kwa chini, kwa jino, kidogo tu. Akafukia pale palipokwaruzwa kwa udongo na samadi, akaacha ncha yenye majani ichungulie, kisha akaweka jiwe juu, ti! Tawi halikukatwa. Lilikuwa limelazwa tu.

Kila asubuhi Nyumbu, mtumishi wa Kifaru, alihesabu matawi kuanzia kwenye shina, kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Thelathini na tisa, arubaini! Yote yapo, mzee!"

"Vizuri," Kifaru alikoroma. Macho yake hayakuona mbali, lakini masikio yalimtosha.

Siku moja alimsikia Pimbi akimwaga maji, chwaa!

"We binti, unamwagilia nini huko?"

"Udongo, mzee."

"Udongo haukui."

"Ndiyo maana sichoki kusubiri, mzee."

Kifaru akacheka mpaka wigo ukatikisika. Alifurahi kuwa na jirani mjinga.

Masika yakaja, yakapita. Pimbi akalivuta tawi kidogo. Halikuja. Akafukua kwa kidole kimoja, akaona mizizi, myeupe, minene kama tambi. Akarudisha udongo, akanawa mikono, akaenda barazani kushtaki.

"Wazee wangu, nimeingiliwa uani bila hodi."

Baraza zima likashtuka. Salaalee! Kwenye mlima ule mtu aliweza kusamehewa wizi, si kuingia uani kwa watu bila hodi. Mwenye kosa hilo alipiga magoti mlangoni, akabisha hodi mara mia, watoto wakimtazama.

"Nani huyo asiye na adabu?" Kifaru akanguruma.

"Tawi lako, mzee. Limelala kwetu tangu kabla ya masika. Halijaaga."

Watu wakaziba midomo. Fisi akashindwa, akacheka wazi. Wote wakaongozana hadi wigoni. Kweli, tawi lilikuwa limevuka.

"Piga magoti, mzee," Fisi akasema kwa upole mkubwa.

"Mimi? Kwa kijitawi? Nyumbu, lete panga!"

"Aa, mzee, usikate!" Pimbi akalia. "Sheria yako inakataza!"

"Sheria ni yangu! Nani atanihamisha mimi?"

Kacha! Tawi likakatika pale pale wigoni.

"Na hiki kilichobaki kwetu, mzee?"

"Takataka! Fanya utakavyo! Sitaki kukisikia tena!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kesho yake Nyumbu akahesabu. "Thelathini na tisa na kisiki kimoja, mzee!" Kifaru akamtuma akachungulie takataka imenyauka kiasi gani. Haikunyauka. Siku ya saba haikunyauka. Mwezi wa pili ikatoa machipukizi, wa tatu ikatoa maua, na harufu ikavuka wigo ikamkuta Kifaru akinywa uji.

Akaja mbio, gudu gudu gudu!

"Mwizi! Umekata tawi langu!"

"Nani alishika panga, mzee?"

Kifaru akageuka. Majirani walikuwa wamejaa njiani, na kila mmoja alikuwapo siku ile.

"Lakini... lilipataje mizizi?"

"Lilikuwa limelala muda mrefu, mzee. Lilichoka kuwa mgeni."

Pimbi akatoka kwao na koja shingoni, na mama yake akakaa kwenye kiti, akala wali, hakushika jembe. Kabla ya kupanda mlima kwenda kwa mumewe, bibi harusi aliinama uani na nguo zake nzuri, akalaza matawi mengine manne, moja kwa kila jirani mwenye binti.

Anayezuia wengine wasikate, siku moja hasira humfanya akate yeye mwenyewe.

Basi wewe unayenisikiliza, kama kwenu kuna mmea mzuri na jirani akaomba tawi, tafadhali mpe.