Jezi Iliyoondoka ndani ya Begi

Winga mmoja alikuwa na jezi kumi, kila moja ya timu aliyoichezea, na aliyoithamini kupita zote ilikuwa ya kwanza: namba kumi na moja ya timu ya kiwanda cha mbao katika mji alikozaliwa.

Timu hiyo ilikuwa na desturi. Anayeondoka huvua jezi yake uwanjani, mbele ya watu, akamvika kwa mikono yake anayeshika nafasi yake. Na akishamvika, yeye aliyeivua haichezei tena timu ile. Sanga, ndilo jina la winga huyo, hakufanya hivyo. Timu kubwa ilimwita ghafla, naye akaikunja jezi ndani ya begi, akaenda.

Tusimhukumu kwa kuondoka. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na miguu yake ilistahili uwanja mpana zaidi. Alicheza miaka kumi na minne katika nchi sita. Alibusu nembo ya kila timu, ni kweli. Lakini hakuna hata moja aliyoibusu asiitolee jasho.

Goti lilipochoka alirudi, akaomba jambo moja: acheze kipindi kimoja cha mwisho nyumbani, mama yake akimtazama. Wakamkubalia. Siku ya mechi alifika amevaa jezi ileile, imefifia, imembana tumboni.

"Kaka, hiyo mwachie mwanao!" watazamaji walimtania, naye akacheka.

Kisha akamwona Mwalongo, winga wa timu, mtu mzima wa miaka thelathini, akipasha misuli moto katika jezi isiyo na namba. Akamuuliza mtunza vifaa, mzee Kihwele, kulikoni.

"Wewe hukuivua, mwanangu," mzee alijibu. "Sasa yeye angeivaaje?"

Kushona nyingine kuliwezekana. Fundi alikuwepo, na kitambaa pia. Lakini watu wale waliamini kwamba nafasi hupokelewa kutoka mikononi mwa aliyeishika. Kwa hiyo Mwalongo alikuwa amekimbia upande wa kushoto miaka tisa, na kila alipofunga, watu walisema amefunga yule aliye mahali pa Sanga.

Sanga aliangalia jukwaani. Halafu akavua jezi, akamvika Mwalongo, akaketi kwenye benchi na fulana yake ya ndani. Mpira ukaanza bila yeye. Mama yake, aliyekuja kumwona akicheza, alimwona akivua. Akasimama, akapiga makofi peke yake kabla wengine hawajaelewa.

Hakuna sheria iliyomlazimisha siku ile, kama ambavyo hakuna iliyomzuia siku aliyoondoka. Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu amewahi kuondoka mahali: ni nani huko nyuma anayeifanya kazi mliyoiacha, huku namba yake ingali imekunjwa ndani ya begi lenu?