Walioitika kwa Jina la Chen

Sogeeni, wanangu, niwaeleze kwa nini watu wa Uchina hutaja ukoo kwanza, ndipo jina la mtu lifuate.

Zamani sana haikuwa hivyo. Mama akimwita mwanawe aje kula, alitaja jina lake tu. Lakini katika bonde moja la mashamba ya mpunga, jioni ukungu ulipanda kutoka mtoni, na ukungu ule ulikuwa na masikio. Ukishalisikia jina, kesho yake uliliita kwa sauti ya mama mwenyewe. Mtoto aliyeitika hakurudi tena, na jina lake likafutika hata kichwani mwa mama yake.

Huko aliishi Suyin, aliyeolewa katika ukoo wa Chen. Mama mkwe wake, Bi Guilan, alizoea kumtania. "Wali wako ni uji, mkwe, lakini mjukuu umenizalia wa kweli!" Kisha humpokea ndoo ya maji na kumbebea.

Jioni moja mtoto alikuwa akicheza karibu na makaburi ya ukoo, nyuma ya nyumba. Suyin, akiwa jikoni, akasikia sauti yake mwenyewe ikiita huko nje.

"Naam, mama!" mtoto akaitika.

Suyin alitoka mbio. Ukungu ulikuwa umekwisha kuyafunika makaburi. Akafungua kinywa amwite mwanawe, jina hakuliona. Lilibaki la ukoo peke yake.

"Chen!" alilia. "Chen!"

Wakaitika wengi.

Jemadari wa kale aliinuka, udongo ukimdondoka mabegani. Aliinuka mganga, mwanamke aliyekufa akiuguza wagonjwa wa tauni, na kikapu chake cha mizizi. Akaja mjenzi wa daraja, aliyezama kabla hajalimaliza, nguo zake zingali zikichuruzika maji. Nyuma yao walisimama wengine, hata pakajaa.

"Umetuita sote, mkwe," alisema mganga. "Unamtaka yupi?"

"Mdogo wenu kuliko wote. Jina lake limechukuliwa."

Ukungu ukacheka kwa sauti ya Suyin. "Nilimwita, akaitika. Ni wangu."

"Basi mwite tena," alisema jemadari.

Ukungu ukaita. Wafu wote wakajibu kwa pamoja, "Naam, mama!"

Ukamshika huyu, ukamshika yule, na kila ulipopapasa ulikuta mkono wa baridi, wa mtu ambaye hachukuliki tena. Ulipapasa hadi ukachoka, ukateremka mtoni mikono mitupu. Mjenzi akambeba mtoto hadi mlangoni, akamfuta matope usoni kwa kiganja chake chenye maji. Hapo jina likamrudia Suyin kinywani.

"Chen... Bowen," alinong'ona.

Na tangu siku hiyo, ukoo hutangulia. Jioni mama akisimama mlangoni kumwita mwanawe, hutaja ukoo, akanyamaza kidogo. Huwangoja wale wa kale waitike kwanza.