Gesi ya Moto na Homa ya Zeituni

Wahenga walioonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wakisema habari za mwili: mtu ana jipu, analifunika kwa leso, anachekacheka mbele za watu, hadi siku harufu inapomsemea. Lakini maradhi hayakai mwilini peke yake. Yapo yanayoingia katika kazi ya mtu, na hayo ndiyo yaliyompata Zeituni, binti yake Khadijah, wa Nyalenda mjini Kisumu.

Zeituni alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fizikia ya anga. Alichunguza kundi moja la galaksi lililo mbali sana, ambamo mamia ya galaksi yamekusanyika, na kati yao imetanda gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi hiyo haionekani kwa macho. Hutoa miale ya eksirei, na darubini zinazoipokea huzunguka juu kabisa ya hewa yetu, zikihesabu chembe za miale moja moja. Ukijua nguvu ya chembe hizo, umejua joto la gesi. Zeituni alikuwa ameona jambo la ajabu: pembeni mwa kundi lile palikuwa na kipande cha gesi chenye joto mara mbili ya lililotarajiwa, dalili kwamba makundi mawili yamegongana. Msimamizi wake, Daktari Maximilla Wakhisi, alifurahi kama aliyepata mjukuu. Aliiandikia kamati iliyokuwa ikitafuta mwanafunzi mmoja tu wa kulipiwa masomo ya uzamifu, nayo ikapanga kumsikiliza Zeituni siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, Zeituni akagundua kosa.

Data zake hakuzipakua mwenyewe. Mtandao wa maabara yao ulikwenda mwendo wa kobe. Faili moja lilichukua siku mbili, na stima ikipotea unaanza upya. Kwa hiyo wanafunzi walikuwa na desturi ya kurithishana data katika flashi. Gordon, aliyemtangulia, alimpa yake akisema, "Chukua hizi, ziko sawa, nilisafisha zote." Baadaye Daktari alipouliza kama data zimesafishwa, Zeituni alijibu, "Ndiyo, Daktari, nilizisafisha mwenyewe." Hilo neno "mwenyewe" lilimtoka kwa kutaka kusifiwa tu.

Kusafisha si jambo dogo. Mara kwa mara Jua hurusha chembe zake zikaipiga darubini, nayo ikazihesabu kana kwamba zimetoka kwenye gesi. Saa hizo chafu sharti zikatwe na kutupwa, la sivyo gesi itaonekana ya moto zaidi kuliko ilivyo. Jumatatu ile Zeituni alichora hesabu za chembe kwa kila dakika, akitaka picha ya kupamba wasilisho lake. Pale ambapo mstari ulipaswa kulala, aliona milima mitatu mirefu. Gordon hakuwa amesafisha kitu. Zeituni akazikata saa chafu, akapima joto upya. Kipande cha moto hakikuwapo tena.

Kazi yake ilikuwa imeugua. Ugonjwa huo ulikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa katika ofisi ya Daktari, ya pili kutoka kwenye ngazi: abishe, aingie, aseme. Alikwenda hadi mlangoni. Akamsikia Daktari akicheka kwenye simu, "Huyu msichana wangu, mtamwona Ijumaa!" Aligeuka akaenda zake nyumbani bila kubisha.

Jumatano akajilaza. Alimwambia mamake kichwa kinamgonga, akamwandikia Daktari kwamba ameshikwa na malaria. Aliwaza kwamba kikao kitaahirishwa, kisha kitasahauliwa, na hakuna atakayeuliza tena habari za gesi. Alisahau kwamba Nyalenda mgonjwa hana faragha. Kabla ya adhuhuri jirani yao, Mama Sheryl, alikuwa ameshaingia na wanawake wawili wa kanisa lake.

"Mama Zeituni, huyu mtoto ako mbaya," alisema. "Ona vile anatoa jasho!"

"Toka asubuhi hajaonja kitu," Khadijah alijibu.

"Wacha tumwombee basi. Nyinyi ni Waislamu, lakini Mungu si ni mmoja?"

"Mwombeeni tu, mama. Nani anakataa dua?"

Jasho lilikuwa la kweli, ila la hofu. Wale wanawake walimwekea mikono kichwani, wakaikemea malaria iondoke na isirudi. Zeituni alifumba macho, akiogopa sana kwamba Mungu anawasikia.

Alhamisi alasiri Daktari Wakhisi alikuja mwenyewe, na mfuko wa machungwa mkononi. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Pole, mama. Usiamke, lala tu."

"Daktari, kesho..."

"Hiyo nishamaliza. Kamati imekubali nisimame mahali pako. Slaidi zako na mafaili yote ninayo. Wewe utasikiliza kwa simu ukiweza."

Zeituni aliketi wima kama si mgonjwa. "Hapana, Daktari! Afadhali tungoje nipone."

"Tungoje nini na nafasi ni moja? Kazi yako naijua." Akamshika mkono. "Ama kuna kitu nafaa kujua kabla niende?"

Swali lenyewe ndilo hilo, limeletwa hadi kitandani. Nami nasema bila kumung'unya maneno: hapo Zeituni alistahili kofi, maana aliyekuwa akienda kuaibika sasa si yeye tena. Alimtazama mwanamke yule aliyemwamini.

"Hakuna, Daktari," alisema.

Mgeni alipoondoka alilia kwa kwikwi, na mamake akadhani homa imepanda.

Ijumaa saa nne alikuwa chini ya blanketi na simu yake. Daktari alizungumza kwa dakika ishirini, akaieleza ile gesi vizuri kuliko ambavyo Zeituni mwenyewe angaliweza. Kisha mwanakamati mmoja, Profesa Shakir, akaomba nafasi.

"Ni matokeo makubwa, hongera. Tafadhali tuonyeshe hesabu za chembe kwa kila dakika, baada ya kusafisha."

"Bila shaka," Daktari alisema. "Mwanafunzi wangu alizisafisha mwenyewe."

Zeituni aliuma blanketi. Alijua faili linalofunguliwa ni lile la Gordon. Milima mitatu ikatokea kwenye kioo cha simu yake, na kwenye kioo cha kila mwanakamati.

"Daktari Wakhisi," Profesa alisema taratibu, "data hizi hazijasafishwa."



"Naona," Daktari alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Kosa ni langu. Mimi ndiye msimamizi, nilitia sahihi bila kutazama. Binti mwenyewe ni mgonjwa kitandani, naomba msimhukumu. Niandikeni mimi."

Zeituni alitupa blanketi. Alibonyeza simu ili asikike, wakati mamake anaingia na bakuli la uji.

"Daktari, mimi si mgonjwa," alisema. "Nilijua tangu Jumatatu."

 Profesa Shakir akasema kwamba data chafu husafishwa, na kama angesema mapema kikao kingeweza kungoja wiki moja kwa ajili hiyo, lakini sasa nafasi itapewa mwingine. Wanakamati wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki Daktari peke yake.

"Nilikuuliza, Zeituni," alisema. "Nilikuja mpaka kwako nikakuuliza." Akakata simu.

Khadijah aliweka uji chini.  Aliliokota blanketi, akalikunja polepole, akalirudisha juu ya kabati, kama ilivyo desturi yake mgonjwa anapopona. Ndipo Zeituni alipouficha uso wake, asiwe na pa kuukimbizia, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua.