Ufagio na Maneno Kumi na Mawili

"Ufagio hauchagui, achaguaye ni mwenye chumba." Mmeisikia asubuhi hii kwa mwalimu wenu wa kompyuta, alipomshika mkono mwenzenu asibonyeze kitufe cha kufuta, nanyi mkacheka kwa kuwa hamkuona ufagio wowote mle darasani. Sasa mmenifuata hapa ofisi ya bodi ya shule kuniuliza ilikotoka. Mmemuuliza anayehusika. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa ilianzia nyumbani kwangu, sitaipamba.

Mimi nilisoma katika shule hii hii, na katika kidato cha nne nilikuwa kiranja wa bweni. Kila Jumamosi tulikuwa na ukaguzi, na kanuni yake ilikuwa moja: kilichokutwa sakafuni si mali ya mtu. Njuka, yaani wale wageni wa kidato cha kwanza, ndio waliofagia. Soksi, kalamu, barua kutoka nyumbani, vyote vilikwenda shimoni. Aliyesimama na ufagio akauliza, "Kaka Kiranja, na hiki je?" alifagia peke yake mwezi mzima. Bweni letu lilichukua ngao ya usafi mihula yote ya mwaka ule. Nilijivunia jambo hilo, na kwa sehemu ningali najivunia.

Miongoni mwa njuka wangu alikuwamo Ansgari Kihwele, kijana mwembamba kutoka Ludewa. Yeye alifagia peke yake miezi miwili: mwezi wa kwanza kwa kuuliza, wa pili kwa kuuliza kwa nini ameadhibiwa kwa kuuliza. Baada ya hapo hakuniuliza neno tena.

Miaka ikapita. Ansgari akawa fundi wa mitambo ya simu, akastaafu, akafungua duka la kutengeneza kompyuta hapa Njombe mjini, jirani na soko. Alikuwa fundi mwaminifu, na watu walitoka hata Makete kumletea mashine zao. Lakini kila nilipoingia dukani kwake alisimama wima, mikono ubavuni.

"Kaka Kiranja!"

Mkewe, Mama Tumsifu, aliyeuza vocha na karatasi upande wa pili wa kaunta, hakuacha kumtania. "Baba Tumsifu, una wajukuu wanne. Huyo mzee bado atakunyima uji?"

Sisi tulicheka. Lakini hakuketi mpaka niketi, nami sikumwambia aketi.

Mwanangu Thadei hakupenda bweni wala ngao. Alipenda lugha. Alikuwa akifasiri nyaraka za watu wa nchi za mbali, akiwa chumbani mwake, na baadhi yao walimlipa kwa sarafu za kidijitali, zile zisizoshikika mkononi. Alizihifadhi katika kompyuta yake, ndani ya programu inayoitwa pochi. Alipofariki kwa ugonjwa wa figo, aliacha vitu viwili: binti yake Yustina, ambaye mama yake alikwisha kutangulia, na pochi hiyo. Alikuwa amesema mbele ya ukoo wote kwamba kilichomo ni cha Yustina, kimpeleke chuo akasomee maabara ya hospitali. Mimi nikawekwa kuwa mlinzi.

Yustina alikuwa kidato cha sita, shule ya bweni huko Songea. Siku ya kurudi shuleni mwezi wa Januari, huku akifunga tranka lake, aliniita chumbani kwa baba yake.

"Babu, jana nimegundua kitu," alisema. "Pochi ina maneno kumi na mawili ya siri. Mashine ikiharibika, ukiwa na maneno hayo unaifungua pochi kwenye mashine nyingine. Baba aliyaandika kwenye faili humu humu ndani. Nilitaka kuyanakili karatasini, umeme ukakatika na haujarudi, na basi linaondoka saa tatu."

"Kwa hiyo sarafu zimo humu?" nikauliza.

"Hapana, Babu. Sarafu hazimo humu, ziko kwenye mtandao. Humu mna ufunguo tu. Kwa hiyo ikitokea mashine inabadilishwa mfumo, ufunguo utolewe kwanza. Umenielewa, Babu?"

Nilielewa kwamba sarafu hazimo ndani ya kompyuta. Kilichofuata kilipita masikioni mwangu kama hesabu ubaoni inavyompita mwanafunzi aliyechelewa darasani. Nami nilikuwa mtu wa miaka sitini na saba, mwenye cheti cha daraja la kwanza kilichotundikwa ukutani. Sikuwa na desturi ya kumwambia mtoto arudie.

"Nimeelewa," nikasema. "Wahi basi."

Nilikuwa na mazoea ya kuiwasha kompyuta kila Jumapili, ili isishike unyevu. Jumapili moja ya mwezi wa Aprili pochi ilionyesha tangazo kwamba mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha mashine, umezeeka, na kwamba baada ya siku thelathini programu haitafanya kazi tena mpaka mfumo ubadilishwe. Yustina alikuwa anakaribia mtihani wa mwisho, na shuleni kwake simu haziruhusiwi. Ningeweza kumpigia mkuu wa shule, akamwita ofisini kwa dakika mbili. Niliona ni aibu. Nilitaka amalize mtihani, arudi, akute kila kitu ni safi na kipya. Nikaifunga mashine katika blanketi, nikampelekea Ansgari.

Alisimama wima kama kawaida.

"Weka mfumo mpya," nikamwambia. "Na uifagie yote kwanza, pasibaki hata punje ya uchafu wa zamani. Nataka iwe kama imetoka kiwandani leo."

Ansgari aliiwasha, akaitazama kwa muda.

"Kaka Kiranja, samahani. Hii ilikuwa ya marehemu Thadei. Pengine humu mna kitu ambacho..."

"Umeagizwa nini, Ansgari?"

"Kufagia yote na kuweka mfumo mpya."

"Basi. Vya maana havimo humo, viko kwenye mtandao. Lini umeanza tena kuuliza maswali?"

Nilisema kwa utani. Nawaapia, ulikuwa utani. Lakini yule mzee wa miaka sitini na tatu alishusha macho, nami nikaona uso wa njuka mwenye ufagio.

Mama Tumsifu hakuwa amesoma bweni. "Baba Tumsifu, muulize mwenzio vizuri," alisema kutoka upande wake. "Wateja wengine wote huwa unawauliza mpaka wanachoka. Kuna picha? Kuna barua? Umehifadhi pembeni? Huyu kwa nini humuulizi?"

"Huyu ni Kaka Kiranja," Ansgari akajibu, kana kwamba hiyo ni sababu.

Siku ya pili nikaichukua, nyepesi na yenye kung'aa. Nilimlipa, nikampongeza.

Yustina akarudi mwezi wa Mei. Hakunywa hata chai. Aliingia chumbani kwa baba yake, na baada ya kitambo kidogo nikasikia anaita, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumtisha mwingine.

"Babu. Nani ameigusa?"

Nikamweleza kwa fahari. Nilikuwa bado naeleza aliponigeuzia kioo. Alikuwa ameiweka pochi upya, nayo ilikuwa inauliza jambo moja tu: maneno kumi na mawili.

"Yaandike, basi," nikasema.

"Yalikuwa humu, Babu."

Tulikwenda dukani kwa Ansgari tukiwa tumeibeba mashine pamoja. Alipoelewa, aliketi kabla yangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu. Alijaribu siku nne kuyafufua mafaili yaliyofutwa, akashindwa, kwa sababu alikuwa amefuta kama nilivyoagiza, kisha akaandika mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Alimpelekea diski fundi mwingine Dar es Salaam kwa gharama yake mwenyewe. Ikarudi na karatasi yenye mstari mmoja: hakuna kilichobaki.

Ndipo nilipofanya jambo ninalolionea haya kuliko yote. Nilisimama mbele ya kaunta yake, wateja wakisikia.

"Wewe ndiye fundi!" nikamwambia. "Kazi yako ni kujua. Ungewezaje kufuta mali ya yatima bila kuuliza?"

Ansgari hakusimama. Alinitazama nilipokuwa, na hakuniita Kaka Kiranja.

"Valeriani," akasema polepole, "nilipokuwa na miaka kumi na minne ulinifundisha kuwa ufagio. Nikajifunza. Ufagio hauchagui. Achaguaye ni mwenye chumba."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Mama Tumsifu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mteja mmoja, mwalimu, aliyatamka maneno yale tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeyakariri. Yeye ndiye aliyeyapeleka shuleni, na shuleni yakapata miguu. Leo mafundi wa kompyuta wa mji huu huyasema kabla ya kugusa mashine ya mtu, na mama wa nyumbani huyasema kabla ya kuchoma karatasi za kabatini. Wengi hawajui kwamba yalisemwa kwanza usoni pangu.

Lakini mimi sikuyaelewa siku ile. Nilidhani Ansgari ananiambia kwamba mwenye chumba ni mimi, na kwamba ningepaswa kuchagua vizuri zaidi. Nikaenda nyumbani na hasira yangu.

Aliyenieleza maana yake ni Yustina, naye hakukusudia. Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta, akiwa amefungua ukurasa fulani wenye mistari ya herufi na tarakimu.

"Hizi hapa," akasema. "Hii ni anwani ya pochi ya Baba. Aliniandikia kwenye daftari. Mtu yeyote duniani anaweza kuzitazama."

Nikavaa miwani. Sarafu zilikuwepo zote. Hakuna aliyeziiba, hakuna hata moja iliyopungua. Zilikuwa pale pale Thadei alipoziweka, zikionekana waziwazi, na hapakuwa na mkono duniani ambao ungeweza kuzisogeza.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Siku zote, Babu."

Nikaanza kusema habari za Ansgari, uzembe wake, umri wake. Yustina akanikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzee Kihwele alikuuliza, Babu. Mama Tumsifu amenieleza. Na mimi nilikuuliza kama umenielewa." Akaizima kompyuta. "Ungesema hujaelewa, ningekueleza tena. Hata mara kumi. Hata basi lingeondoka, ningekueleza."



Niliuza shamba langu la misindano kabla miti haijakomaa, kwa bei ya kuni. Haikutosha. Yustina alifanya kazi katika duka la dawa miaka miwili ndipo akaingia chuo, na si kile alichokuwa amekichagua na baba yake. Amehitimu, ana kazi, ananitumia sukari na dawa za presha. Ni mjukuu mwema. Lakini mambo yake hanishirikishi tena. Nikimuuliza kuhusu jambo lolote la maana, hunijibu kwa upole, "Usijali, Babu, limeshashughulikiwa." Kwa Ansgari nilikwenda kuomba radhi, naye akaipokea. Tunasalimiana vizuri. Hajasimama tena ninapoingia, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Nanyi mnaoniita mzee wa bodi, sikilizeni, maana mtakuwa viranja na wakubwa wa watu. Nidhamu ni kitu chema. Sitaikana kwa sababu niliitumia vibaya. Lakini ukimfundisha mtu asiulize, umemfanya ufagio, na siku atakapofagia usichotaka kipotee usimtafutie kosa. Na kabla hujaamuru, hakikisha chumba ni chako. Mimi nilijiona mwenye chumba kwa sababu mashine ilikuwa nyumbani mwangu na amri ilikuwa mdomoni mwangu. Chumba kilikuwa cha Yustina. Yeye ndiye aliyejua kipi kibaki, na yeye ndiye peke yake ambaye hakuna aliyemwita.

Ufagio hauchagui, achaguaye ni mwenye chumba.