Kaa la Moto Chini ya Unyayo wa Bi Asya

Sogeeni hapa, na anayesinzia akanawe uso, maana mwishoni nitawauliza.

Bi Asya alikuwa mpishi wa halua kule Pemba, mama wa watoto watatu wazima. Kombo haoni, lakini pua yake, mnh! haikosi kitu. Mize ni mwembamba, akili yake chapuchapu. Faki hasikii wala hasemi, ila nguvu anazo: gunia la sukari hulibeba kwa mkono mmoja.

Kisukari kilikuwa kimeua mishipa ya fahamu ya miguu ya Bi Asya. Daktari alimkataza kabisa kusogelea moto.

"Hii ni halua ya harusi ya mjukuu wangu," Bi Asya akasema. "Naimaliza leo, kisha mwiko nitampa mmoja wenu anirithi. Jiko lina mpishi mmoja."

Akakoroga peku tangu asubuhi, jasho likimtiririka, wala hakukubali kupokewa.

Adhuhuri kaa likachomoka mekoni, akalikanyaga. Ungekuwa wewe, ngozi ingehisi, mshipa wa fahamu ungekimbiza habari hadi kwenye uti wa mgongo, uti ungeamuru misuli, na mguu ungeruka kabla ubongo haujasikia maumivu. Kwa Bi Asya, habari haikuondoka unyayoni. Akaendelea kukoroga.

Kombo akainua uso. "Kuna ngozi inaungua! Si halua hiyo!" Ngozi ya nani, hakujua.

Mize akatupa macho chini, akauona unyayo. Kumnyanyua mama mnene vile hawezi. Akampiga Faki makofi mawili mgongoni, akamwonyesha.

Faki akamkumbatia mama, akamnyanyua juu juu, mwiko mkononi.

"We Faki, una wazimu? Niweke chini!" Mwenye mguu ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua!

Walipomkalisha, akaona lengelenge. Kaa lingekaa kidogo tu zaidi, angekatwa mguu.

"Bila pua yangu mngejuaje?" Kombo akasema.

"Ulipiga kelele tu, kaka. Mimi ndiye niliyejua la kufanya."

Faki akajipiga kifua, akanyoosha mikono kama aliyebeba mtu.

Miguu ya Bi Asya haikuhisi kitu, lakini moyo ulimuuma, maana aliwapenda wote watatu. Na halua ilikuwa imeanza kushika chini. Akaunyoosha mwiko mbele yake. Mikono mitatu ikaja.

Haya, wewe uliyenawa uso, halua haingoji: mwiko ungempa nani?