Nani Atachimba Viazi vya Kastory

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu ambayo hata mdogo kati yenu ameikuta, palikuwa na mwanamke mjini Njombe jina lake Imakulata Mgaya, naye alikuwa na jimu. Si jimu ya vioo na muziki wa kupasua masikio. Lilikuwa banda la mbao lililowahi kuwa ghala la mbolea, na ndani yake mlikuwa na vyuma vya kunyanyua, kamba za kuruka, mikeka, na mashine moja ya kukimbilia iliyokuwa ikigoma kila ikipenda.

Miezi ya joto watu walijaa. Ikifika Juni wakapungua. Mnaijua baridi ya kule. Asubuhi sakitu imelala juu ya majani, nyeupe kama chumvi, na maji ya bomba yanauma vidole. Mwanachama alijifunika blanketi akasema atakuja kesho. Kesho akasema Jumatatu. Jumatatu akasema baridi ikiisha. Kila mwaka Imakulata alifungua mlango alfajiri, akaketi peke yake na jiko la mkaa, na kila mwaka alijiuliza kama jimu yake itafika Septemba.

Mwaka huo akatunga mchezo.

Aliwagawa wanachama watatu watatu. Kila kundi akalitengea taa ya chemli, akaitundika dirishani mahali inapoonekana kutoka barabarani. Kanuni ilikuwa fupi. Kila asubuhi, kabla ya saa moja, angalau mmoja wa wale watatu afike na afanye mazoezi mpaka atoke jasho. Akifika, chemli yao inawashwa. Asipofika hata mmoja, chemli inashushwa, haiwashwi tena mpaka mwaka ujao. Kundi litakalobaki la mwisho halitalipa ada mwaka mzima.

Watu walicheka, kisha wakaja. Hawakuja kwa ajili ya ada. Walikuja kwa sababu hakuna aliyetaka chemli ya kundi lake ishushwe kwa uzembe wake, majirani wanapita na kutazama. Mtu aliyekuwa hatoki kitandani kwa ajili ya mwili wake mwenyewe sasa alitoka kwa ajili ya wenzake wawili. Imakulata alipoona mchezo umeshika, akauongezea kidogo. Saa moja ikikaribia, akiona kundi halijaleta mtu, aliipiga picha chemli yao ikiwa haijawashwa, akaituma kwenye simu za wote watatu. Chini aliandika: Bado hajatokea mtu.

Katika makundi hayo palikuwa na la Mzee Kastory, Gotfrid na Skolastika. Kastory alikuwa amestaafu kiwanda cha mbao, na daktari alimwambia aunyooshe mwili kwa sababu ya presha. Gotfrid alikuwa kijana, fundi wa kuchomelea, mwenye nguvu za watu wawili. Skolastika alishona sare za shule, naye hakupenda kushindwa hata kwenye mchezo wa karata. Wakapangiana zamu. Chemli za wengine zikashuka moja baada ya nyingine. Yao ikabaki, na nyingine moja.

Hapo ndipo Kastory alipoanza kukohoa. Mkewe, Filotea, alimuuliza, akajibu ni moshi wa kuni. Jimuni, Imakulata alimwona ameegemea ukuta baada ya kuruka kamba, na jasho jembamba usoni lisilofanana na jasho la mazoezi.

"Mzee, u mzima kweli?"

"Mzima, kocha. Umri tu."

Imakulata akataka kumwambia aende nyumbani akapumzike. Akatazama dirishani. Chemli mbili zilikuwa zinawaka, na barabarani watu wamesimama wanabishana ipi itashuka. Juma lile wageni walikuwa wameanza kuja kuulizia nafasi. Hakumwambia neno. Alimpa kikombe cha maji ya moto.

Ikaja asubuhi ya sakitu kuliko zote. Zamu ilikuwa ya Gotfrid. Aliamka, akasikia baridi inavyopenya dirishani, akawaza, wenzangu wawili wapo, leo atakwenda mmoja wao. Akaizima simu, akajigeuza ukutani.

Skolastika alikuwa ndani ya basi, anakwenda Makambako kununua vitambaa. Picha ikaingia. Akampigia Gotfrid, hapatikani. Akampigia Kastory.

"Shikamoo, mzee. Gotfrid simpati, na mimi niko safarini. Chemli yetu inashushwa."

Upande wa pili Kastory alikuwa ameuziba mdomo kwa blanketi asikohoe.

"Marahaba, binti. Naenda."

"Unaweza, mzee? Sauti yako naisikia imekauka."

"Ni usingizi."

Skolastika hakuuliza tena. Kastory akavaa koti na kofia ya mzula, akatoka wakati mkewe yuko zizini anakamua, akaupanda mlima. Alipoingia jimuni watu walimpigia makofi. Imakulata akaiwasha chemli. Mzee akaruka kamba, akatoka jasho kama kanuni ilivyotaka, kisha akaketi sakafuni na hakuweza kuinuka.

Kilikuwa kichomi, na kilikuwa kimeshika mapafu yote mawili. Alilazwa siku nyingi. Ikafika siku daktari akamwita Filotea pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Lakini Kastory hakufa. Alirudi nyumbani na amri kwamba asishike jembe wala asitoke kwenye baridi mpaka mvua zianze. Imakulata akazishusha chemli zote, na mchezo ukaishia hapo.

Siku chache baadaye Filotea aliwaita. Wakaenda alasiri, Imakulata, Gotfrid na Skolastika. Mzee alikuwa kando ya moto, blanketi mabegani, amekonda. Filotea akawapa vigoda na chai, akawaacha wanywe kwanza.

"Nina kinyungu, bustani yangu ya bondeni," akasema, "na viazi vyake vimekomaa. Vikikaa vitaliwa na panya. Kila mwaka anayechimba ni baba huyu. Mwaka huu nataka mtu achimbe badala yake, mpaka tuta la mwisho."

"Tutakuja sote, mama," akasema Imakulata.

"Hapana. Mwaka jana niliteguka mguu, ikaja jumuiya nzima. Walipalilia, waliimba, walipiga picha. Siku ya pili nilikuwa peke yangu na matuta yangu. Mkiwa wote, kila mtu atadhani mwenzake amekwenda. Mume wangu amekaa pale kwa sababu hiyohiyo. Nataka mmoja."

"Basi tuchange, tukuwekee kibarua," akasema Gotfrid.

"Kibarua hajamkosea mume wangu kitu."

Gotfrid akaweka kikombe chini.

"Zamu ilikuwa yangu, nikalala. Sikatai. Lakini niliyelala mimi sikumtoa mgonjwa kitandani. Ningejua atapigiwa simu yeye, ningeamka."

Skolastika akasema, "Niliyempigia ni mimi. Sikatai. Lakini nilimuuliza kama anaweza, akasema ni usingizi tu. Zamu haikuwa yangu, na picha ile sikuituma mimi."

Wote wawili wakamtazama Imakulata. Njiani alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yake, na akayatoa kama alivyoyapanga. "Mchezo niliutunga mimi, na picha niliituma mimi. Sikatai. Lakini nilisema mmoja wa watatu. Walikuwepo wazima wawili. Na watu wengi wamepata afya kwa mchezo ule."

Angeweza kuishia hapo. Hakuna aliyejua lingine. Aliitazama chai yake ikipoa, akahisi Filotea bado anamngoja.

"Na kuna jambo," akasema. "Nilimwona anaumwa kabla ya siku ile. Nilitaka kumrudisha nyumbani, nikanyamaza, kwa kuwa jimu ilikuwa imejaa."

"Basi ni wewe, kocha," akasema Gotfrid.

"Kuona si sawa na kuacha zamu yako," akasema Skolastika.

"Na kupiga simu je?" akauliza Gotfrid.

Kastory akakohoa, wakaacha kubishana.

"Nyie mnagombania kitu changu," akasema. "Mwenye kuficha ni mimi. Huyu mama nilimwambia ni moshi. Kocha nilimwambia ni umri. Binti nilimwambia ni usingizi. Sikatai. Tangu niache kazi kiwandani, hapakuwa na mtu aliyeningoja mahali popote. Asubuhi ile nilikuwa nangojewa. Ningebaki kitandani, ningepona mapafu nikaumwa kitu kingine. Viazi ni vyangu, nitachimba mwenyewe."

"Utakaa hapo ulipo," akasema Filotea, bila ukali.

Akaukoroga moto, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na kuni. "Mimi nalala naye. Nilikisikia kifua chake. Nikakubali ni moshi, kwa sababu alikuwa akirudi kutoka kwenu amechangamka kama zamani. Kwa hiyo magunia nitabeba mimi, kutoka bondeni mpaka hapa. Jembe ni la mmoja wenu."

Alilichukua jembe nyuma ya mlango, akaliegemeza nje ukutani.

"Kesho nikitoka kukamua, nisilikute."

Wakaondoka. Hawakuongozana. Kila mtu alipita mbele ya jembe lile, na kila mtu alilitazama kwa namna yake. Imakulata alipita wa mwisho. Aliushika mpini, akauona umelainika kwa mikono ya Kastory, akauachia, akaenda zake akiwaza.

Asubuhi Filotea alipotoka kukamua, jembe halikuwepo. Bondeni, ndani ya ukungu, mtu mmoja alikuwa ameinama kwenye tuta la kwanza.

Mtu huyo ni nani, sitawaambia, maana anayechimba huenda siye aliyepaswa kuchimba. Nawauliza ninyi mlioketi hapa. Yupo aliyelala zamu yake, yupo aliyempigia simu mgonjwa, yupo aliyeona akanyamaza, na yupo mgonjwa mwenyewe aliyeficha. Filotea anataka mmoja tu. Je, nani alistahili kulichukua jembe lile?