Bwana Kevo Apewa Koleo

Hapo zamani za kale, wanangu, na si kale ile ya mbali, ni kale ya juzijuzi tu, soseji zilishaanza kuuzwa kwa pakiti, wanyama wa Australia walikuwa na nyumba zao na nyua zao na viti vyao vya kukunja, na kila Jumapili mchana moshi wa nyama ulipanda nyuma ya kila nyumba.

Katika mtaa mmoja aliishi mama kwoka, jina lake Sheli. Kwoka mnamjua? Ni mnyama mdogo, kampita sungura kidogo tu, ana mfuko tumboni wa kubebea mtoto, ana mashavu ya mviringo, na mdomo wake umepindwa juu hivi, kwa hiyo hata akilia utadhani anacheka.

Uso huo ulimtesa. Akisema, "Jamani, mimi naogopa," anajibiwa, "Sheli bwana, mtani kweli wewe!" Maana utaogopaje na huku unacheka?

Na alikuwa anaogopa, tena sana. Kabla hajazaa hakuogopa kitu, lakini tangu siku alipompata Tili, binti yake, aliogopa barabara, aliogopa jua kali, aliogopa buibui wanaojificha kwenye viatu, kila usiku aliamka mara nne kusikiliza kama mtoto anapumua, na kuliko vyote alimwogopa jirani yake, Bwana Kevo.

Bwana Kevo alikuwa mamba. Alitoka kaskazini, kwenye mito ya matope, akahamia pale na pikapu nyeupe, ndala miguuni, na sanduku la barafu, lile kubwa la bluu lenye mfuniko mweupe ambalo kule kila mtu hubebea vinywaji vyake. Alikuwa mcheshi. Alikuwa na sauti. Ukihama nyumba, mwenye pikapu ni Kevo. Ukiishiwa barafu, mwenye barafu ni Kevo. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini watoto wa bata kwenye bwawa la mtaa walikuwa saba, halafu wakawa watano.

Sheli aliwahesabu. Akanyamaza. Angemwambia nani, na uso ule?

Jumapili moja Dazo, kangaruu dume mwenye mabega kama mlango, aliwaita majirani uani kwake. Wakaja wote. Emu, ndege mrefu asiyeruka, alileta mikate, posamu, mnyama wa mkia mrefu apandaye miti, alileta keki za mraba zilizoviringishwa kwenye chokoleti na nazi, Bi Noreni alileta saladi ambayo hakuna aliyeila. Dazo mwenyewe alisimama mbele ya jiko la kuchomea nyama, ameshika koleo la kugeuzia nyama.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kule, mwenye koleo ndiye mwenye siku. Kabla hajageuza chochote hulibana hewani mara mbili, klak-klak! Sababu haijulikani, lakini asiyefanya hivyo haaminiki. Na koleo haliombwi, wala halinyang'anywi. Mwenye nyumba akipenda, anakupa. Ukipewa hukatai, kukataa ni kusema huwezi. Na ukishalishika huondoki motoni mpaka soseji ya mwisho iive, hata wakikwambia nyumba yako inaungua.

Bwana Kevo alikuwa na miaka mitatu mtaani hapo, na hakuwahi kupewa koleo hata mara moja.

Watoto walikuwa upande wa nyuma, kwenye mlingoti wa kuanikia nguo, ule unaozunguka kama mwavuli usio na kitambaa. Wamening'inia kwenye vyuma, wanazungushana, wiii! wiii! Sheli alikuwa anakata vitunguu, jicho moja kwenye kisu, jicho moja kwa Tili. Kitunguu kikamchoma jicho. Akafuta. Alipofumbua, mlingoti ulikuwa unazunguka na watoto wanne, si watano.

"Tili?"

Akazunguka nyumba. Hayupo. Akachungulia chini ya gari, akachungulia kwenye pipa la taka. Hayupo. Akakimbilia kwa Dazo.

"Kaka Dazo, Tili hayupo, alikuwa pale sasa hivi, nimefumba jicho tu, nimefumbua hayupo!"

"Dada Sheli, watoto hao! Atakuwa anachezea maji." Klak-klak! "Halafu wewe mwenyewe unacheka."

"Sicheki!"

"Haya, hucheki," alisema Dazo, akageuza soseji.

Ndipo Sheli aliposikia. Du-du-du. Kitu kidogo kinagonga. Du-du-du. Mtoto wa kwoka akiogopa hupiga miguu chini hivyo hivyo, haraka haraka, kabla hata hajalia. Sauti ilitoka karibu na uzio, pale pikapu nyeupe ilipoegeshwa, na mbele ya pikapu lilikuwepo sanduku la bluu, na juu ya sanduku amekaa Bwana Kevo, mkia umening'inia, anakunywa soda.

Du-du-du.

"Khh! Khh!" Kevo alikohoa kwa nguvu. "Vumbi hili!"

Sheli akaelewa Tili yuko wapi. Alitaka kupiga kelele. Lakini alijua yatakayofuata: atapiga kelele, Kevo atacheka, wote watacheka, na Kevo atasema, "Nimechoka na kelele, naenda zangu," atapandisha sanduku kwenye pikapu, vuuu, mpaka bwawani. Humo ndani mna barafu. Humo ndani hewa inaisha. Alikuwa na dakika ngapi? Tano? Tatu?

Alimtazama Kevo. Na Kevo, wanangu, hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa analitazama koleo.

"Igeuze hiyo ya kushoto, Dazo!" aliita kutoka pale pale alipokaa. "Inaungua hiyo!"

"Haiungui," alisema Dazo.

"Haya. Mimi nimesema tu."

Sheli akafuta mikono kwenye aproni. Hofu ilikuwa imemjaa, lakini uso, ule uso wake, ulikuwa unacheka. Kwa mara ya kwanza maishani akaushukuru.

"Kaka Dazo," alisema kwa sauti ya kusikika uani kote, "eti Bwana Kevo anasema kwao kaskazini mtu mmoja anageuza soseji arobaini kwa mpigo, na haiungui hata moja!"

Kevo hakuwa amesema neno hilo. Lakini angelikataaje?

"Arobaini?" Dazo alicheka. "Muongo huyo!"

"Si arobaini," alisema Kevo, akiinua pua. "Hamsini."

"Hooo!" walisema wote.

"Basi njoo, bwana!" Dazo akalinyoosha koleo. "Njoo utuonyeshe. Sheli, lete soseji zote zilizobaki!"

Uani kote wakageuka kutazama. Koleo limenyooshwa mbele za watu. Kevo alilitazama, akalitazama sanduku chini yake, akalitazama koleo tena. Akainuka.

Lakini mamba si mjinga. Aligeuka akamwita Bi Noreni.

"Bi Noreni, umesimama tangu asubuhi. Kaa hapa. Ila usiinuke, na usimfungulie mtu yeyote, barafu yangu itayeyuka."

Bi Noreni alikuwa wombati, mama mfupi mnene, mzito kama gunia la mahindi. Watoto watatu aliwalea mfukoni mwake. "Asante, Bwana Kevo," alisema, akajishusha. Puu! Sanduku likalia kwi!

Sheli aliona giza. Amemwondoa mamba, ameletewa gunia.

Klak-klak! Kevo alikuwa motoni, kifua mbele, analibana koleo hewani kana kwamba kazaliwa nalo. Lakini kila akigeuza soseji mbili, jicho lake moja linaruka kwenye sanduku.

Sheli akamwaga soseji zote hamsini kwenye chuma. Pshhhh! Moshi ukapanda.

"Bwana Kevo, hii ya pembeni mbona inapasuka?" aliuliza Sheli.

"Ipi?"

"Hii! Na ile! Kaka Dazo, hebu njoo uone, hii ni sawa kweli?"

Kosa la wanaume wa kule ni moja. Hawawezi kumwona mwenzao anageuza soseji wakanyamaza. Dazo akaja. Emu akaja na shingo yake. Posamu akaja, koala, mnyama wa kulala mchana kutwa, akaamka akaja, kila mtu na kinywaji mkononi, wakalizunguka jiko bega kwa bega kama ukuta.

"Mimi ningepunguza moto."

"Moto uko sawa, tatizo anazigeuza mno."

"Usizitoboe! Nani kasema utoboe?"

"Niacheni nifanye kazi!" alifoka Kevo. Klak-klak! Jasho lilimtoka. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata.

Sheli akapita katikati ya miguu yao, mdogo alivyo, akafika uzioni. Akapiga magoti mbele ya Bi Noreni.

Hila aliyokuwa ameiandaa ilikuwa kumwambia saladi yake imeingiwa na sisimizi. Mdomo ulipofunguka, hila haikutoka.

"Shangazi," alinong'ona, "Tili yumo humu. Najua ninavyoonekana. Sitanii. Weka tu mkono wako hapo pembeni. Usiseme kitu. Weka mkono."

Bi Noreni akaweka mkono. Du... du. Safari hii ilikuwa taratibu.

Uso wa Bi Noreni ukabadilika. "Nimeisikia tangu nilipokaa," alisema polepole. "Nikajiambia ni barafu inayeyuka."

"Shangazi, inuka."

"Barafu haigongi hivyo. Nilijua haigongi hivyo."

"Shangazi, tafadhali!"

Akainuka. Sheli akafungua mfuniko. Katikati ya barafu na chupa alijikunja Tili, pua nyeupe, ndala mguu mmoja, anatetemeka mpaka masikio. Hakulia. Alinyoosha mikono tu. Sheli akamchota, akamtia mfukoni, baridi ikampiga tumboni kama kofi, akafumba mfuko kwa mikono yote miwili. Bi Noreni akarudisha mfuniko, akakaa tena, puu, akatazama mbele.

"Nenda nyumbani," alisema.

"Miguu haitaki," alisema Sheli. Na kweli ilikataa. Alikaa chini pale pale, mgongo kwenye uzio, anampulizia mwanawe pumzi ya moto mfukoni, huu, huu, huu.

Jikoni soseji hamsini ziliiva. Haikuungua hata moja, tuseme haki. Wakampigia makofi, na Kevo akainama mara tatu kama bwana harusi. Akasubiri makofi yaishe. Yalipoisha, akakumbuka.

"Haya jamani, mimi naelekea," alisema, akaja mbio mbio uzioni, koleo bado mkononi. "Asante, Bi Noreni."

Bi Noreni akainuka, Kevo akaliinua sanduku. Likapanda kwa wepesi mno. Akalitikisa: kacha-kacha, barafu tupu. Akafungua mfuniko kwa hasira, chupa zikamwagika, na pamoja na chupa ikaanguka ndala moja ya mtoto, ndogo kama jani, ikatua majanini mbele ya watu wote.

"Nani kafungua sanduku langu?"

Watu walikuwa wanaitazama ndala.

"Nimeuliza, nani kafungua?"

"Kwani kimepotea nini, jirani?" aliuliza Dazo.

Kevo akafungua kinywa. Meno yote yale yakaonekana. Angesema nini? Kimepotea nini?

"Hakuna," alisema. "Barafu tu."

"Na ndala je?" aliuliza emu.

"Ndala? Ndala ni... mtoto yeyote anaweza..."

"Chyaa!" Mfukoni mwa Sheli mtu alipiga chafya. Kichwa kikachomoza, manyoya yamelowa maji ya barafu. "Mama, Bwana Kevo alisema tutacheza kujificha. Lakini hakuja kunitafuta."

Dazo alimtazama Sheli. Sheli alikuwa na uso wake ule ule, mdomo umepinda juu, na machozi yanapita kwenye mashavu ya mviringo, mengi, hayakatiki. Wakamwona. Miaka yote ile, ndiyo kwanza wakamwona.

Hakuna aliyempiga Kevo, wanangu. Hakuna aliyepiga hata kelele. Posamu ndiye aliyeanza. Alikunja kiti chake, klap. Koala akakunja chake, klap. Emu, klap. Dazo alilizima jiko, akakusanya soseji zote hamsini kwenye sinia, na wote wakasogea, wakakunjua viti vyao upya uzioni, wakamzunguka Sheli na mwanawe, migongo yao imemwelekea mamba.

Kevo alibaki katikati ya majani na koleo mkononi. Akalibana. Klak. Hakuna aliyegeuka. Akaliweka chini, akapanda pikapu, vuuu, na mtaa ule haukumwona tena.

Tili alipewa soseji ya kwanza kwenye mkate, na kitunguu chini yake. Bi Noreni alikaa karibu nao, hakula. Kila mara aliunyoosha mkono wake, akaushika mguu wa mtoto kuona kama umepata joto.

"Umepata joto sasa," alimwambia Sheli.

"Ushike tena," alisema Sheli.

Na hadithi yetu imefika nyumbani na mtoto wake: mwenye kupenda kutazamwa, mpe cha kushika mbele za watu, atasahau alichokificha nyuma yake.